Mwanamke anayetaka uenyekiti wa kijiji au mtaa: aanzie wapi, na ajihadhari na nini

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, katika kila wenyeviti 100 wa vijiji Tanzania Bara, wanawake walikuwa takriban 2. Kwenye vitongoji walikuwa karibu 7, na kwenye mitaa ya mijini karibu 13. Wakati huohuo sheria ya serikali za mitaa inataka wanawake wawe angalau robo ya halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo wanawake wamo kikaoni, wanachangia, wanapiga kura, lakini anayeongoza kikao karibu siku zote ni mwanaume.

Sababu kubwa ni kwamba kiti cha uenyekiti hugombewa kwa hatua nyingi, na nyingi kati ya hizo huwa zimekwisha kabla kampeni haijafunguliwa. Mwaka 2024 kampeni zilikuwa siku saba tu, tarehe 20 hadi 26 Novemba, na kura ikapigwa tarehe 27. Hakuna mgombea anayejulikana kwa siku saba. Kwa utaratibu wa miaka mitano, uchaguzi unaofuata unaangukia 2029, na mwanamke anayeutaka uenyekiti anatakiwa awe kazini sasa. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar masheha huteuliwa, hawapigiwi kura, na mambo yake ni mengine.

Chagua nafasi kabla ya kujitangaza

Kijijini kuna nafasi za kupigiwa kura za aina tatu: mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao hugawanyika kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Mjini kuna mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Kwa mwanamke anayeanza, ushauri wetu ni kitongoji. Wapiga kura ni wachache, unaweza kuwafikia wote kwa miguu, na mwenyekiti wa kitongoji anaingia moja kwa moja kwenye halmashauri ya kijiji. Miaka mitano ya kitongoji inakufundisha vikao, inakupa kumbukumbu za kazi za kuonyesha, na inakupa jina.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: mwanamke anaruhusiwa kugombea kundi mchanganyiko. Watu wengi, wakiwemo viongozi wa matawi, hulichukulia kundi hilo kuwa la wanaume, na kila mwanamke anayejitokeza huelekezwa kwenye nafasi za wanawake. Ukikubali, unamnyima nafasi mwanamke mwenzako na kuwaachia wanaume zote zilizobaki. Mwambie katibu wa tawi waziwazi kwamba unagombea mchanganyiko.

Nafasi za wanawake nazo si za kudharauliwa. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, na mwaka 2010 akagombea ubunge wa jimbo la Makunduchi akashinda. Nafasi maalum inafaa ikiwa na ukomo. Ingia ukijua ni kipindi kimoja au viwili, kisha unagombea kiti cha kuchaguliwa na wote. Ubaya wake unaonekana hata ngazi ya udiwani: Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani wa kata, na diwani wa viti maalum hukaa humo kama mjumbe, hata awe na uzoefu kuliko huyo mwenyekiti.

Miaka ya kabla: jenga jina kwenye mkutano mkuu

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Hapo ndipo kijiji kinapomwona nani anaelewa mambo. Hudhuria wote, kaa mbele, na zungumza angalau mara moja kila mkutano. Kuzungumza bila maandalizi hakusaidii. Kinachojenga jina ni swali lenye hesabu ndani yake.

Chukua taarifa ya mapato na matumizi. Mtendaji wa kijiji mara nyingi huisoma haraka na kutaja jumla tu. Tuseme kijiji kilikubaliana kila kaya ichangie shilingi 10,000 kujenga boma la zahanati, na orodha ya mtendaji mwenyewe inaonyesha kaya 310 zimeshachanga. Hiyo ni shilingi 3,100,000. Taarifa inasomwa: michango, shilingi 2,450,000. Pengo ni 650,000, yaani kaya 65. Simama uulize kwa sauti ya kawaida: kaya 65 ambazo ziko kwenye orodha na hazimo kwenye fedha ni zipi? Stakabadhi zimekatwa kuanzia namba ipi hadi namba ipi? Salio la robo iliyopita limeingizwa wapi kwenye taarifa hii? Saruji iliyonunuliwa ilipokelewa na nani, na nani alisaini? Usimtuhumu mtu. Huenda kuna kaya zilizotoa tofali, mchanga au mawe badala ya pesa, na mtendaji ana jibu zuri. Ukimwita mwizi kisha jibu likapatikana, umejimaliza. Ukiuliza kwa hesabu na jibu likakosekana, mkutano wenyewe utaendelea kuuliza.

Andika. Nunua daftari la kurasa 96 liwe la mikutano tu: tarehe, ajenda, nani aliahidi nini, lini. Mkutano unaofuata anza na ahadi za uliopita. Wananchi husahau ahadi haraka, na anayezikumbuka kwa tarehe huanza kuonekana kiongozi kabla hajawa kiongozi.

Sambamba na mikutano, tafuta nafasi ndogo zenye kazi halisi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kwa mujibu wa sheria watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kijiji kikiunda kamati ya maamuzi ya ardhi yenye watu tisa, wanawake wasipungue wanne. Kuna kamati za kudumu za halmashauri ya kijiji, zile za fedha na mipango, huduma za jamii, na ulinzi na usalama. Kuna kamati ya shule, kamati ya zahanati, na jumuiya ya watumia maji. Tunapendekeza ardhi na fedha kuliko afya na elimu. Afya na elimu ni muhimu, lakini wanawake wamezoeleka humo na watu hawahesabu kama uongozi. Mpinzani wako atakuja na hoja kwamba mwanamke hawezi migogoro ya mipaka. Ukiwa umeshakaa kwenye baraza na kusuluhisha mipaka, wahusika wenyewe watamjibu kwa niaba yako.

Ulinzi na usalama kuna hoja nyingine: "Usiku wa manane tukivamiwa, mama atatoka?" Jibu lake ni la kiutaratibu. Mwenyekiti hakimbizani na wezi. Anahakikisha zamu za sungusungu zimepangwa, orodha iko wazi, namba ya simu ya kituo cha polisi inajulikana, na asiyefika zamu anachukuliwa hatua zilizomo kwenye sheria ndogo. Jifunze kulieleza hivyo kwa sentensi tatu, maana utaulizwa kila mahali.

VICOBA na vikundi vya wanawake vinafaa sana, kwa sababu humo unajulikana kwa uaminifu wa pesa. Vikundi pia ndivyo vinavyofuatilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kuwa mtu anayejua fomu za mikopo hiyo, anayesaidia kikundi cha bodaboda na cha akina mama sawasawa, ni mtaji mkubwa. Ila kamwe usitumie sanduku la kikundi kwa mambo ya kura, hata kwa kukopa rasmi. Marejesho yakichelewa wiki mbili tu, habari itakuwa kwamba mgombea amekula pesa za kikundi.

Nyumbani

Zungumza mapema na mume, kama umeolewa, pamoja na watu wazima wa familia yake. Tunasema hivi kwa sababu ya jinsi hali ilivyo. Sheria haimtaki mwanamke alete ruhusa ya mtu yeyote. Lakini mume anayeambiwa na wenzake kilabuni kwamba mke wake anazurura na wanaume hujitoa katikati ya safari, na kujitoa kwake hukuumiza kuliko mpinzani. Mweleze mambo kamili: vikao vingapi kwa mwezi, vinaisha saa ngapi, nani atapika siku hizo, nauli kiasi gani. Mwambie pia kwamba mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Familia inayosubiri mshahara huo itakata tamaa miezi mitatu baada ya ushindi.

Kisha kuna lile la ugeni. Sehemu nyingi mwanamke huolewa kijiji kisicho cha kwao, na hata akae miaka ishirini ataitwa mgeni. Kijijini kwao nako ataambiwa ameshaolewa, si wa pale. Kanuni zinaangalia ukaazi, haziangalii ukoo. Mjibu mtu kwa vitu: shamba unalolima, watoto uliowazaa na kuwasomesha hapo, makaburi mliyozika, michango yenye stakabadhi.

Ndani ya chama ndipo palipo na kazi kubwa

Mgombea binafsi hakuna. Lazima udhaminiwe na chama cha siasa chenye usajili. Mwaka 2019 na tena 2024 Chama cha Mapinduzi kilitangazwa kushinda karibu nafasi zote, kwa hiyo kwa vijiji vingi uamuzi umefanyika kwenye kura za maoni za chama. Aliyeko upinzani naye ana kura za ndani za kushinda, kisha ana vita ya fomu isiondolewe. Kwa vyovyote, huwezi kulikwepa tawi.

Lipa ada yako kwa wakati na utunze stakabadhi. Hakikisha kadi yako iko kwenye daftari la tawi la mahali unapogombea, maana wanawake wengi waliolewa na kuhama huku kadi ikibaki tawi la kwao. Jiunge na jumuiya ya wanawake ya chama chako, iwe UWT ya CCM, BAWACHA ya CHADEMA au Ngome ya Wanawake ya ACT-Wazalendo, lakini usiishie humo. Wajumbe wanaopitisha majina wako kwenye vikao vya tawi na kata, na vikao hivyo vimejaa wanaume. Unahitaji kuwa mjumbe wa halmashauri ya tawi angalau, au katibu wa kitu fulani. Katibu ana faida: anajua tarehe za vikao kabla ya wengine.

Piga hesabu ya kura za maoni ukiwa na karatasi. Kama tawi lina wanachama hai 180, na kwa kawaida wanaokuja kupiga kura ni 110, basi katika kinyang'anyiro cha watu watatu kura 45 zinaweza kutosha. Andika majina 70 ya watu unaoamini watakupa, ukitegemea theluthi moja itapungua: wengine hawatafika, wengine watabadilika usiku wa mwisho. Kila jina liwe na mtu wa kumfuata nyumbani asubuhi ya siku ile. Wanawake hushindwa hapa mara nyingi kwa sababu wapiga kura wao, yaani wanawake wenzao, wako shambani au sokoni wakati kura inapigwa. Omba mapema kura ipigwe baada ya saa sita mchana, na uombe kwa maandishi kupitia kikao.

Mshindi wa kura za maoni bado hajawa mgombea. Vikao vya juu hupitia majina na vinaweza kumkata aliyeongoza. Chukua nakala au picha ya karatasi ya matokeo iliyosainiwa siku ileile. Ukikatwa, rufaa ndani ya chama iende na hiyo karatasi na barua ya ukurasa mmoja. Tangu mwaka 2024 sheria ya vyama vya siasa inavitaka vyama viwe na sera ya jinsia na ujumuishi. Omba nakala ya sera ya chama chako na unukuu kifungu chake kwenye rufaa.

Kuhusu pesa tuwe wazi. Kwenye kura za maoni utaombwa: sukari, kanga, nauli, "maji ya kunywa". Mwanamke huwa na pesa kidogo kuliko mpinzani wake, na huambiwa bila hiyo hapiti. Takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura kwa vitu au chakula, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na kutoa kitu ili upewe kura ni rushwa. Zaidi ya sheria, ni hesabu mbaya: mpinzani mwenye duka atatoa mara tatu yako, na aliyepokea kwako atapokea na kwake. Gharama za halali si nyingi: karatasi, vocha, nauli za watu wako, chakula cha mawakala siku ya kura. Ziandike zote na uanze kuweka akiba kidogo kila mwezi kuanzia mwaka wa kwanza.

Orodha, majina na fomu

Hapa ndipo wagombea wengi huenguliwa, na makosa yenyewe ni ya kuzuilika.

Orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ya kwanza huandaliwa chini ya TAMISEMI, katika kitongoji au mtaa wako, kwa siku chache tu. Mwaka 2024 zilikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Ya pili ni ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa ajili ya rais, wabunge na madiwani. Kuwa na kadi ya mpiga kura ya Tume hakukuingizi kwenye orodha ya kijiji. Jiandikishe siku ya kwanza, watu wako wajiandikishe siku tatu za mwanzo, na orodha ikibandikwa nenda ukasome jina lako herufi kwa herufi.

Jina hasa ni tatizo la wanawake. Kitambulisho cha NIDA kina jina la baba. Kadi ya chama huenda ina jina la mume. Kijijini unaitwa Mama Neema. Amua jina moja, lile la NIDA, na ulitumie kwenye orodha, kadi ya chama na fomu. Kama kadi ya chama ni tofauti, ibadilishe mwaka mmoja kabla. Pingamizi la kwamba aliyejaza fomu siye aliyeko kwenye orodha ni rahisi kuliwasilisha, na utapata muda mfupi sana wa kulijibu.

Sifa za msingi ni uraia wa Tanzania, umri wa miaka 21 au zaidi, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, ukaazi wa eneo husika, kuwa na shughuli halali ya kukupatia kipato, na udhamini wa chama. Fomu ifanye hivi:

1. Chukua fomu siku ya kwanza, ukiwa na shahidi. Toa nakala mbili kabla hujaandika chochote.
2. Jaza nakala kwa penseli. Wape watu wawili waikague, mmoja awe na kanuni za uchaguzi mkononi.
3. Nakili kwenye fomu halisi kwa kalamu moja. Usiache nafasi wazi. Palipo na shughuli yako andika kilimo, biashara au ufundi, usiandike "mama wa nyumbani".
4. Udhamini usainiwe na kiongozi anayetambuliwa na kanuni kwa ngazi hiyo. Saini ya mtu asiye na mamlaka ni sababu ya kuenguliwa hata kama mhuri ni sahihi.
5. Hakikisha kila saini ina tarehe na tarehe hazipingani. Piga picha kurasa zote.
6. Rudisha mapema, ukiwa na siku mbili mkononi, na usainiwe kwamba umepokelewa. Ukienda dakika za mwisho ukakuta ofisi imefungwa, huna ushahidi wa kitu.

Ukiwekewa pingamizi, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliobandikwa, na ukikataliwa nenda Kamati ya Rufaa ya wilaya. Muda huhesabika kwa siku chache, wakati mwingine moja au mbili, kwa hiyo barua tupu ya rufaa yenye jina na nafasi yako iwe tayari kwenye bahasha kabla ya siku ya uteuzi. Ukibaki mgombea pekee usilale: mwaka 2024 mgombea pekee alipigiwa kura ya Ndiyo au Hapana.

Siku saba za kampeni

Gawanya kijiji kwa vitongoji na uwe na watu wawili kwa kila kimoja, mwanamke na mwanaume. Mikutano ya hadhara iwe michache, nyumba kwa nyumba iwe nyingi. Kwenye kila mlango taja majina yako yote mawili: "Ni Mama Neema, kwenye orodha ya wagombea nimeandikwa jina la baba yangu, ni hili." Rudia mpaka uchoke. Mpiga kura akisimama kwenye kituo akakosa jina analolifahamu, kura yako inaenda kwa mwingine.

Ahadi ziwe tatu, zilizo ndani ya uwezo wa mwenyekiti. Barabara ya lami si yako. Mikutano minne kwa mwaka, taarifa ya fedha kubandikwa kwenye mbao za matangazo, na boma lililokwama kupangiwa tarehe: hayo ni yako.

Matusi, uzushi na rushwa ya ngono

Mgombea mwanaume hutukanwa kwa msimamo wake. Mwanamke hutukanwa kwa mwili wake na kitanda chake, siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp ya kijiji. Usijibu kwenye kundi. Hifadhi picha ya ujumbe ikionyesha namba, tarehe na saa, umtaje msimamizi wa kundi, kisha mpe mtu mmoja wa timu kazi ya kufuatilia hayo ili wewe uendelee na kampeni. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imeutambua ukatili wa kijinsia katika uchaguzi kuwa kosa. Vitisho vya mwili vipelekwe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku ileile.

Rushwa ya ngono huja kwa lugha laini: jina lako litapita, ila njoo tuongee pembeni. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja hilo kuwa kosa. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Kwa kujikinga, usiende kikao chochote cha majina peke yako, wala usikubali kikao nje ya ofisi au baada ya magharibi. Nenda na mtu hata kama atakaa nje. Mwanamke aliyeombwa hivyo hana kosa. Chama kinachojua na kunyamaza ndicho chenye kosa, na mashirika ya kutetea wanawake kama TAMWA na TGNP, pamoja na yale ya msaada wa kisheria, husaidia kulipeleka jambo mbele bila kumwanika aliyetendewa.

Siku ya kura weka wakala kila kituo, aliyeshiba na mwenye kalamu na daftari. Mwaka 2024 vituo vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Wakala asiondoke kabla ya kuhesabu, wala asisaini fomu ya matokeo isiyojazwa. Malalamiko ya matokeo huenda Mahakama ya Wilaya, na huko kinachosikilizwa ni maandishi.

Ukishakalia kiti

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayoamua. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kukutana kila mwezi, na mkutano mkuu kila robo. Panga tarehe za mwaka mzima, uzibandike. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu. Ni mwajiriwa, na wewe umechaguliwa. Wako watendaji watakaojaribu kukupitisha kwenye mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Kila muhtasari usome wote kabla ya kusaini, linganisha na daftari lako, na kilichoongezwa baada ya kikao kikate kwa kalamu na uweke saini pembeni.

Mtego mkubwa wa uenyekiti ni ardhi. Muuzaji na mnunuzi watakuja nyumbani jioni na karatasi, wanataka mhuri tu, na bahasha iko mezani. Kataa kushuhudia nyumbani. Jambo liende kwenye halmashauri ya kijiji, majirani wa mipaka yote waitwe, mke au mume wa muuzaji awepo na aseme kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Wajane na wake wengi wamepoteza mashamba kwa mhuri wa jioni. Mwenyekiti mwanamke akiugonga, ataumiza wanawake wenzake na atapoteza kiti, kwa kuwa mkutano mkuu unaweza kumwondoa mwenyekiti kwa utaratibu wa kanuni.

Saa ya mkutano nayo ni uamuzi wa kisiasa. Ukiuanza saa 11:00 jioni, wanawake wataondoka katikati kwenda kuwasha moto, na ajenda ya ardhi huwa ya mwisho. Anza saa 8:00 mchana, maliza saa 10:00, weka ardhi na fedha mwanzoni. Anayepiga kelele nyuma mwite kwa jina na umpe dakika mbili za kusema, kisha endelea. Ukimkaripia atapata wafuasi. Ukimpuuza ataendelea. Dakika mbili mbele ya watu wote humtosha.

Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako wewe ni mjumbe kwa nafasi yako, peleka vipaumbele vya kijiji vikiwa kwenye karatasi moja, na nguvu za wananchi zimeshatajwa: mawe tripu ngapi, mchanga tripu ngapi, tofali ngapi. Kijiji chenye takwimu hizo hupangiwa fedha kabla ya kijiji chenye maombi.

Muda wa Baraza la Ardhi la Kijiji ukiisha, jiandae mapema. Viti vya wanawake ni vitatu, lakini fika kwenye mkutano mkuu ukiwa umezungumza na wanawake watano au sita walio tayari, wakiwemo wa vitongoji vya mbali na mmoja aliye chini ya miaka 30. Mkutano unaoletewa majina matatu hauna wa kumchagua. Na ukipendekezwa mjomba wa mtu kwa kiti cha nne, uliza kama mwanamke wa nne naye anaweza kupigiwa kura.